Tuliambiwa kwenye korido
Eti mgonjwa akifia emajensi ndugu wanaitwa pembeni, wanakalishwa, daktari anawaeleza taratibu. Labda kwingine, maana sisi mwaka jana hapa Moshi baba mdogo alivyofariki tuliambiwa kwenye korido tumesimama, mama mdogo kashika kandambili za mumewe kwenye mfuko wa rambo, hata hajalia vizuri karatasi ya bili hii hapa, nendeni keshia kwanza ndo mwili utoke. Aliyetuokoa ni nesi mmoja wa zamu, Mungu ambariki, akamvutia mama mdogo kiti, akamletea maji, akamwingiza amshike mumewe mkono kabla hajapelekwa mochwari, na kibali cha mazishi akatuelekeza yeye manake tulikuwa tunampeleka kihambani, shamba la ukoo kule Rombo. Dakika 10 tu zile, mama mdogo mpaka leo anazitaja. Hivi kuna mtu huku Moshi au Arusha alishapigiwa simu na hospitali baada ya mazishi kuulizwa mnaendeleaje?