Njooni Machi, Agosti waachieni wenyewe

Kila Agosti Lamu hujaa sisi watu wa majuu. Twashuka boti ya kutoka Mokowe na masanduku, watoto wametapika njia nzima, na siku ya tatu twaanza kunung'unika: mbona bahari imechafuka, mbona samaki ghali, mbona maembe hakuna. Kusi, upepo wa kutoka kusini, imeshika, mwataka maembe ya wapi? Tumebeba likizo za shule za Ulaya, halafu twataka nyumbani kufuate ratiba yake.

Mwaka 2025 mimi nilikataa. Niliomba ruhusa kazini mwezi wa Machi, Ramadhani ndani, nikaenda kukaa shambani kwetu upande wa Matondoni hadi kaskazi, majira ya joto na upepo wa kaskazini, ikaisha.

Nina miaka 11 Herefordshire, magharibi ya Uingereza, karibu na mpaka wa Wales. Mwenzangu mmoja kazini, wazazi wake wana shamba la kondoo na matofaa (si haya yetu ya majimaji, yale magumu ya baridi). Mwisho wa Agosti kuna Jumatatu ya mapumziko, nao hunialika. Basi siku hizo utacheka. Meza yatolewa nje hata kama watu watetemeka. Mama mtu ataingia kwenye ua wa miiba kuchuma vitunda vyeusi, arudi mikono imechanika, apike jemu usiku kucha. Mzee huweka kiti langoni, atazame jua likishuka nyuma ya majani yaliyofungwa marobota, wala hasemi neno. Ni kama watu waliokwenda bandarini kumsindikiza msafiri. Nilikuwa nikiwaona wana wazimu kidogo. Jua ni jua!

Shambani kwetu, wiki ya mwisho ya Machi, hakuna aliyeweka kiti. Upepo ulikuwa umelala, maji ya kisima yameshuka na kuanza kuonja chumvi, na moshi wa vichaka vinavyochomwa wakuingia machoni toka alfajiri. Kaka yangu alikuwa akisafisha mahali pa kupanda mahindi na kunde kabla mvua ya mwaka haijaanguka. Zamani babu alihesabu kwa Nairuzi, mwaka mpya wa Waswahili, miongo ya siku kumi kumi, akajua mwongo wa kuchoma na mwongo wa kupanda. Sisi twahesabu kwa bei ya tiketi.

Aliyenishika mimi ni shangazi. Alikuwa na mkeka mmoja wa vipande vya maembe ya ngowe mabichi, vimetiwa chumvi, vyaanikwa kwa achari. Kila mara akiinuka kutazama mawingu ya upande wa bahari, akirudi, achukue kipande akikunje kwa vidole viwili. Kikitoa maji, bado. Kikipinda kikavu, akitupia kwenye sinia. Nikamwambia, shangazi, kaa kivulini, umefunga. Akanijibu, "Jua hili likenda, mwanangu, nitaanika wapi? Kwenye simu yako?"

Hapo ndipo nilipomkumbuka yule mama wa jemu. Kumbe ni kazi moja.

Jioni baada ya futari nikamweleza kaka habari za mzee wa langoni, na jinsi sisi tusivyojua kukaa tukalionea raha jua letu. Alikuwa akinoa panga. Akasema, "Wewe jua waliona tamu kwa sababu lako lina tarehe ya kurudi. Mimi lanichoma mgongo toka Disemba."

Sikuwa na jibu, na hadi leo sina. Lakini bado nashikilia maneno yangu. Najua wenye watoto wa shule Uingereza hutozwa faini wakiwatoa darasani, hao wana udhuru. Ninyi wengine ambao watoto wenu washakua, au hamna, Agosti mwafuata nini? Njooni mwisho wa kaskazi, ngowe za mwisho zikiwa bado mtini, mshike na jembe siku mbili. Kaka hatawafukuza.

Shangazi alinifungashia chupa tatu za achari. Moja ilipasuka ndani ya sanduku. Koti langu la baridi lanuka siki na pilipili mpaka leo, nami sijalipeleka kwa dobi.