Zimwi la Peke Yake Limenyimwa Zamu

Wachezaji wa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza mashujaa kwa kurusha dadu, wana kauli iliyokwisha kugeuka sheria: usimweke adui mmoja mbele ya kikosi kizima, atauawa kabla hajafurukuta. Mwongozo wa mwaka 2014 uliwaunga mkono. Katika kupima ugumu wa pambano, alama za adui mmoja zilibaki zilivyo. Wakiwa 2 zilizidishwa kwa 1.5, wakiwa 3 hadi 6 kwa 2. Sababu ni zamu. Mashujaa 4 hutenda mara 4 kwa raundi, yeye mara moja. Akigandishwa kwa uchawi, basi hata hiyo moja imepotea.

Hoja hiyo ni ya kweli. Ila kundi nalo hunyauka, jambo lisilosemwa vya kutosha. Goblini 6, vijitu waovu wa mchezo huo, huanza na mashambulizi 6. Wawili wakianguka yanabaki 4, kisha 2. Kila anayekufa huondoka na shambulio lake. Ikifika raundi ya tatu, meza nzima inajua nani kashinda, na bado dadu zinarushwa. Tena goblini wa toleo hilo la 2014 ana pointi 7 tu za uhai. Uchawi wa mpira wa moto huunguza kwa wastani wa pointi 28. Hata anayefaulu kuukwepa hupata nusu yake, 14, na anakufa vilevile.

Zimwi ni habari nyingine. Katika toleo hilohilo lina pointi 59, na likibakiwa na 1 rungu lake bado linapiga kwa wastani wa 13, sawasawa na lilipoanza. Mchawi wa daraja la 1 kwa kawaida hana 13. Dadu ya mwisho inatisha kama ya kwanza, na hofu hiyo kundi haliwezi kuitoa.

Tatizo ni dawa tunazolipatia zimwi. Kuliongezea uhai kunarefusha pambano tu. Kuliongezea nguvu ni kubaya zaidi: mchezaji mmoja analala chini, wenzake hawajaguswa. Joka jekundu lililokomaa, lenye pointi 256, lilitibiwa vizuri zaidi: linatenda mara 3 za ziada katika raundi, baada ya zamu za wengine, na mara 3 kwa siku linaweza kugeuza kushindwa kujinusuru na uchawi kuwa kufaulu. Hapo mchawi anayeona uchawi wake bora ukifutwa ana haki ya kununa, nakubali.

Lakini kwa nini zamu za ziada ziwe za vigogo peke yao? Zimwi nalo lipewe zamu 2 katika raundi, zikiachana, na lile pigo la 13 ligawanywe: 7 kwa huyu, 6 kwa yule. Madhara ni yaleyale, ila sasa wanaumia wawili. Na likigandishwa, lipoteze zamu 1, libaki na nyingine.