Miaka 12 ya Marekani tunayoiruka darasani

Mwanafunzi wetu akimaliza kidato cha sita anamjua Abraham Lincoln, anamjua Martin Luther King, na hapo katikati anajua kwamba Booker T. Washington na Du Bois, viongozi wawili wa watu weusi, hawakuwa wakipatana. Muulize kilichotokea kati ya 1865 na 1877, miaka ya baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe inayoitwa Reconstruction (Ujenzi Mpya), uone atakavyokodoa macho.

Nafundisha historia sekondari, na kwa maoni yangu hicho ndicho kipande cha historia ya Marekani chenye mafunzo mengi kuliko vyote. Tunakiruka kwa sababu kinatuvurugia hadithi. Hadithi tuliyoizoea hupanda tu: utumwa, vita, uhuru, haki za raia, kisha Obama. Kumbe watu weusi wa Marekani walishafika mbali mapema sana, wakarudishwa nyuma, tena kwa bunduki na kwa sheria.

Mchukue Robert Smalls. Alizaliwa mtumwa mjini Beaufort, South Carolina, mwaka 1839. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza alikuwa akishika usukani wa meli ya Planter, iliyobeba silaha za majimbo ya Kusini yaliyojitenga ili kulinda utumwa. Alfajiri ya tarehe 13 Mei 1862, maofisa weupe wakiwa wamelala nchi kavu, Smalls alivaa kofia ya nahodha, akaing'oa meli gatini, akapitia mahali walipojificha mkewe na watoto, akawapakia, akaelekea baharini. Kila alipofika kwenye ngome alipiga honi kwa ishara zilezile za kila siku, na walinzi wakamruhusu apite. Alipoiacha nyuma ngome ya Fort Sumter akashusha bendera ya waasi, akapandisha shuka jeupe, akaikabidhi meli kwa jeshi la Kaskazini. Baadaye aliinunua nyumba ya bwana wake wa zamani. Mwaka 1868 alikuwa miongoni mwa walioandika katiba mpya ya jimbo lake, iliyoanzisha shule za umma kwa watoto wote, na mwaka 1875 akaingia Baraza la Wawakilishi mjini Washington.

Darasa huchangamka hapo, hata wale wa viti vya nyuma. Ndipo nawaambia kwamba Smalls hakuwa peke yake. Hiram Revels wa Mississippi aliingia Seneti mwaka 1870, na Blanche Bruce, aliyezaliwa mtumwa, akafuata mwaka 1875. Bruce alipoondoka mwaka 1881, Seneti haikupata mtu mweusi mwingine hadi 1967. Miaka 86! Hakuna mwanafunzi atakayeielewa miaka hiyo kama tumemwambia kwamba Lincoln alimaliza kazi.

Kilichotokea kina mikono miwili. Mkono wa kwanza ni damu. Siku ya Pasaka, tarehe 13 Aprili 1873, mjini Colfax, Louisiana, kundi la weupe wenye silaha liliua makumi ya watu weusi, wengine wakiwa wameshajisalimisha, kwa ugomvi ulioanzia kwenye uchaguzi. Watu wachache walitiwa hatiani, lakini mwaka 1876 Mahakama ya Juu ikafuta hukumu zao. Ilisema Marekebisho ya 14 ya Katiba yanaibana serikali ya jimbo, hayambani mtu binafsi. Mwaka huohuo ukaja uchaguzi wa rais. Tilden wa Democratic, chama cha weupe wengi wa Kusini wakati huo, alipata kura nyingi za wananchi, na kwenye kura za wajumbe wa majimbo, ambazo ndizo huamua rais, alipungukiwa moja tu ili ashinde. Kura 20 zilikuwa na mgogoro. Tume ya watu 15 ikazitoa zote kwa Hayes wa Republican, chama cha Lincoln, kwa wanane dhidi ya saba. Democratic wakaacha kupinga, na Aprili 1877 askari wa serikali kuu waliokuwa wakizilinda serikali za mwisho za Republican kule Kusini wakaondolewa. Weusi wakaachwa mikononi mwa weupe wa Kusini.

Mkono wa pili ni kalamu, na huu ndio ninaoutilia mkazo zaidi. Huwa naandika ubaoni masharti ya katiba ya Louisiana ya 1898: mpiga kura awe anajua kusoma na kuandika, au awe na mali ya dola 300, ila masharti hayo hayamhusu mtu aliyekuwa na haki ya kupiga kura tarehe 1 Januari 1867 au kabla ya hapo, wala mwanawe, wala mjukuu wake. Nawauliza: nani kafungiwa nje? Wanasema maskini, wanasema wasiosoma. Wanarudia kusoma, na mtu mweusi hatajwi popote. Kisha hujitokeza mmoja akauliza, "Mwalimu, kwa nini 1867?" Basi kipindi kimefaulu, kwa sababu kule Louisiana weusi walipata haki ya kura baada ya tarehe hiyo. Marekebisho ya 15 yalikataza kumnyima mtu kura kwa sababu ya rangi yake, na waandishi wa sheria wakaizunguka rangi kwa kalenda. Mwaka 1896 jimbo hilo lilikuwa na wapiga kura weusi zaidi ya 130,000 kwenye daftari. Mwaka 1904 hawakufika 1,500.

Majimbo mengine yalitumia kodi ya kichwa, kitu ambacho babu zetu walikijua vizuri kwa Mwingereza, ila kule hukulipa, hupigi kura.

Wenzangu wa ofisi ya walimu huniambia hayo ni ya Wamarekani, mtihani hauyaulizi, toa hoja sita usonge mbele. Mimi nasema habari za leo zinayauliza kila siku. Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya 1965 ilikuja kuziba mashimo hayohayo, na mwaka 2013 Mahakama ya Juu, kwa majaji watano dhidi ya wanne, ikakiondolea nguvu kifungu kilichoyalazimu majimbo yenye historia mbaya kuomba ruhusa kabla ya kubadili taratibu za uchaguzi. Rais Trump aliposaini agizo la kuzuia uraia kwa baadhi ya watoto wanaozaliwa Marekani, Januari 2025, alilokuwa akilitikisa ni Marekebisho ya 14, ya mwaka 1868, yenye ibara ya uraia wa wanaozaliwa nchini humo. Watanzania na Wakenya wenye ndugu waliojifungulia kule walilifuatilia sana jambo hilo. Wangapi walijua kwamba ibara hiyo iliandikwa kwa ajili ya watu waliokuwa watumwa?

Swali ninaloulizwa kila mwaka ni hili: "Kumbe Trump na Lincoln ni chama kimoja?" Ndiyo, jina ni lile. Jibu la haraka ni kwamba weupe wengi wa Kusini walianza kuihama Democratic hasa baada ya Rais Johnson kusaini Sheria ya Haki za Raia mwaka 1964. Lakini sipendi kuwapa jibu la haraka. Nawapa kazi ya nyumbani: wachore ramani ya uchaguzi wa 1876 na ya 2024, waziweke ubavuni kwa ubavu. Mississippi, Alabama na Texas zilikuwa za Democratic, leo ni za Republican. Massachusetts na Vermont zimepita njia ya kinyume. Wakileta ramani ndipo tunaanza kubishana nani alimhama nani.