Nyuki wa Kilimanjaro sio mchezo
Jamani mnaosema kuhesabu nyuki na maua Kilimanjaro ni kupoteza hela, hebu tulieni kidogo. Mwaka 2014 yalitoka matokeo ya utafiti wa kahawa hukohuko mlimani, watafiti walifunika baadhi ya mibuni kwa neti, wakakuta ndege na popo wakiachwa huru kula wadudu, matunda yanayoshika yanaongezeka kama asilimia 9, na ua likichavushwa na nyuki tunda linakuwa zito kwa asilimia 7 hivi, hiyo ni pesa ya mkulima kabisa!! Halafu ukipanda juu kwenye baridi nyuki wanapungua. Sasa sisi vihambani, kwenye mashamba yetu ya nyumbani ya kahawa na migomba, tunakata miti ya kivuli kila siku, hao ndege watakaa wapi? Vijana wetu wa SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wapewe bajeti nao waende huko mlimani kutafiti.