Nati Sita, Washauri Mtaa Mzima

Huku kwetu Dar mtu anaweza kuumwa wiki nzima ndani kwake na jirani asijue. Lakini thubutu kufungua boneti ya gari. Ikisimama tu, mkutano wa hadhara umeanza, na mwenyekiti si wewe.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Nina gari aina ya Subaru Impreza ya 2005, ile isiyo na tabo ya kuongezea injini nguvu, mtumba wa Japani. Nikalinunulia strati baa, nayo mtumba wa Japani, maana aliyevaa gauni la mtumba hawezi kudai shanga za dukani. Kwa asiyeijua, ni bomba la aluminiamu lenye mguu wa bati kila upande. Ukifungua boneti unaona minara miwili ya bati, kulia na kushoto, ndiyo inayobeba vichwa vya shokapu za mbele. Kila mnara una nati tatu za spana namba 12. Unafungua nati, unakalisha mguu wa baa, unarudisha nati. Tatu huku, tatu kule. Mwenye spana na utulivu anamaliza kabla chai haijapoa.

Spana ninayo. Kwa maana ya umiliki, ninayo. Kwa maana ya mahali ilipo, iko kwa Baba Rama tangu Ramadhani.

"Namba 12? Si nilikurudishia?" Baba Rama huyo, bila aibu. Akaingia ndani, akakaa huko muda wa kutosha kula na kupumzika, akatoka na namba 13. "Si zinapishana kidogo tu!" Kidogo hicho ndicho kinachokula kona za nati mpaka inabaki duara, halafu ukaifungue na patasi. Nikaazima kwa muuza duka, ambaye alitoka nayo mwenyewe, akasimama nayo pembeni, asije akapata yaliyonipata mimi.

Mama Neema naye akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Baba Neema, hilo bomba linafanya nini?"

Nikamweleza kwa ustaarabu. Gari likikata kona kwa kasi, mnara wa upande wa nje unasukumwa kuelekea ndani, bodi inajinyonga kidogo. Baa inaishika minara yote miwili isichezecheze, usukani unaitika upesi.

"Kona ipi?"

Hapo sikuwa na jibu la haraka. Kutoka kwetu hadi lami kuna kona moja, ya kwenye genge, na hapo pana shimo ambalo bata wa watu wanaogelea. Unapita kwa gia ya kwanza na breki ukiwa umeigusa. Nikamwambia kona za Kitonga.

"Tunaenda lini Iringa?"

Nikajifanya nahesabu nati.

Akafika mzee wetu wa nyumba ya tatu. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Limekufa nini?" Mtaa huu hauamini kwamba boneti inaweza kufunguliwa gari likiwa hai. Nikamwambia zima kabisa, naliongezea kitu. "Kama ni zima unafungua nini?" Mzee huyu alikuwa utingo mwishoni mwa miaka ya 60, malori yakibeba mafuta kwenda Zambia kabla ya lami, njia ile Wazungu waliyoiita ya jehanamu. Na jehanamu yote hiyo, akasema, hakuona lori hata moja lililofungwa bomba kichwani. Akavuta ndoo yangu ya kuoshea gari, akaigeuza, akaikalia.

Karatasi ya maelekezo ilikuwa ya Kijapani tupu. Kijana wa bodaboda akasema hilo dogo, akaipiga picha ili simu itafsiri. Simu ikatuambia tuuheshimu mnara na tusimwamshe mteja. Kilichoeleweka ni mchoro wa nati na namba 20, yaani nguvu ya kukazia, nyutoni mita 20. Hiyo si nguvu ya kutisha, ni ya kiganja tu. Skrubu zile ni nyembamba, za milimita 8, ukizivutia pumzi zinakatika zikiwa zimebaki kwenye kichwa cha shokapu, na hapo utaijua gharama ya ubishi.

"Ishirini?" Huyo sasa ni fundi wa gereji ya barabarani, ambaye hakuitwa na hakupenda kutoitwa. "Bosi, nati haikazwi kwa namba. Kaza mpaka ilie. Ikilia, rudisha kidogo."

Sijui ni chuo gani kinachofundisha hilo somo, ila wote wamehitimu hapo.

Nikiwa nabishana na fundi, kijana wa bodaboda ameshaweka spana kwenye ile nati kubwa ya katikati. "Braza, tuanze na mama yao hapa." Nilipiga kelele mpaka bata wakatoka kwenye shimo. Nati hiyo ndiyo inayoizuia springi isifumuke. Zile tatu ndogo zinashika shokapu kwenye bodi, ila ya katikati imebana springi iliyojaa hasira, na ikiachiwa ovyo kitu cha kwanza inachokutana nacho ni meno ya mtu. Kijana akaitoa spana polepole, akarudi nyuma hatua kadhaa, na tangu hapo akawa mtu wa kushika tochi. Mchana kweupe, lakini akaishika.

Wengine wakadai jeki. Wapi jeki wewe? Kazi hii gari linasimama kwa miguu yake yote minne, sehemu tambarare, uzito ukiwa umekaa kama unavyokaa barabarani. Ukilinyanyua, shokapu zinaning'inia, unakuja kukaza vitu vikiwa si mahali pake. "Mafundi wote hutumia jeki," alinong'ona mtu nyuma yangu. Sikugeuka.

Upande wa kushoto ukakaa vizuri. Wa kulia mguu wa baa ukawa unagusana na kikopo cha mafuta ya breki, na kila mtu akawa na dawa: tindo, nyundo, kukata kikopo. Nikalegeza nati zote sita, nikasogeza baa kidogo, nafasi ikapatikana, nikakaza kwa zamu, huku kidogo na kule kidogo. Mzee akaguna. Kwa mzee yule mguno ni cheti.

Kujaribu sasa. Sikumkaribisha mtu, ila nilipokaa kwenye usukani milango yote ilikuwa inafungwa. Mzee mbele. Nyuma fundi, kijana wa tochi, Baba Rama, na muuza duka aliyefuata spana yake. Tukaiendea kona ya genge. Gari lilivyolemewa, tumbo likakwangua ukingo wa shimo.

"Linakaa vizuri," mzee akasema.

"Linachimba!" kijana akasema, akimaanisha sifa.

"Mbona ule mlio wa kloklo upo palepale?" Baba Rama.

Nikaeleza kwamba mlio huo ni wa stabilaiza linki, kijiti kinachoshikilia stabilaiza, chini kabisa, na strati baa iko juu na haihusiki. Wala kulala kwa gari kwenye kona haihusiki nako sana, hiyo ni kazi ya stabilaiza, fito ya chini inayozuia gari lisilale. "Kwa hiyo inahusika na nini?" fundi akauliza, kwa ile sauti tamu ya mtu aliyesubiri siku nzima.

Mzee akaniokoa. Alikumbuka sukari, tukasimama. Baba Rama akakumbuka kutoa hela kwa wakala. Muuza duka akakumbuka gunia la mkaa, likaingia buti, na gari likakaa chini kwa nyuma, pua ikatazama mbinguni.

"Braza," kijana akasema, "nyuma nako kuna baa yake. Naijua inapouzwa."

Gari zima likakubaliana, hata fundi. Namshukuru Mungu Mama Neema alibaki nyumbani.