Nyumba Imebaki Kambini, Miguu Ndiyo Inayolipa

Nimekodi nyumba nzima yenye magurudumu. Ina jiko, ina choo, ina friji, ina vitanda vya kulaza wajukuu ambao sijawapata. Halafu naambiwa mjini haiingii. Haiingii! Washington, mji mkuu wa Marekani, una barabara pana ajabu, lakini dude refu kama basi utaliegesha wapi? Kando ya barabara hupewi nafasi, na kwenye maegesho ya chini ya ardhi paa litabaki mlangoni. Basi gari linapumzika kambini huko jimbo jirani la Maryland, chini ya mti, kivuli kimejaa, na sisi tuliolilipia ndio tunaotoka juani kutafuta treni.

Na kulifikisha hapo kambini haikuwa lelemama. Tulitokea kaskazini, tukakuta mahandaki ya Baltimore hayataki gari lenye mitungi mikubwa ya gesi. Sasa nyumba bila gesi chai utaichemsha na nini, na hasira? Zamani wenye mizigo kama yetu walipita daraja la Francis Scott Key, lakini mwaka 2024 meli ililigonga nguzo, daraja likaanguka. Ikabidi tuuzunguke mji wote kwa upande wa magharibi, watoto wanauliza "tumefika?" kila kona.

Asubuhi ya kutalii ina vita vyake. Meza ya kulia ndiyo kitanda cha mkubwa. Ukitaka kunywa chai lazima umwamshe, na huyu haamki, anafufuka. Unavuta godoro, unainua ubao, unazungusha mguu wa meza mpaka ulie "kwaak", ndipo uone mahali pa kuweka kikombe. Wakati huo mama watoto yuko bafuni, na tangi la maji ya moto ni la mtu mmoja asiyependa kuoga. Aliyefuata akaoga barafu. Aliyefuata ni mimi. Kazi ya kumwaga tangi la choo ilijadiliwa kwenye kikao cha familia nikiwa nimelala, nikachaguliwa kwa kura zote.

Tukapanda treni Greenbelt, mwisho wa reli. Unagusa kadi kuingia, unagusa tena kutoka, kama vile wana wasiwasi utabaki humo. Kula marufuku, kunywa marufuku. Mwambie hayo mtoto aliyekataa chai nyumbani na ambaye njaa imemshika mara milango ilipofungwa. Tulipofika mjini, ngazi za umeme: anayesimama akae kulia, kushoto ni kwa wenye haraka. Familia yangu ilijipanga ukuta mzima, mabegi na kigari cha mtoto. Nyuma yetu walikusanyika wafanyakazi wa serikali wakisema "samahani" kwa sauti ile ambayo samahani haimo.

Sasa uwanja wenyewe, National Mall. Ramani inakudanganya. Kutoka bungeni mpaka kwenye sanamu ya rais Lincoln ni kama kilomita 3, na hakuna mti wa maana katikati. Unauona mnara wa Washington, mita 169, unasema huo hapo. Unatembea, uko hapo hapo. Unapumzika, unatembea, umesogea nyuma. Tulipoufikia nikapata faraja moja tu: angalia juu kidogo, rangi ya mawe inabadilika. Walianza kujenga mwaka 1848, mwaka 1854 hela zikakata, mnara ukakaa kisiki zaidi ya miaka 20, na walipoendelea mawe yakatoka machimbo mengine. Wakamaliza 1884. Nikamwonyesha mama watoto taratibu, kwa kidole. Tangu leo asinitaje habari za ile rafu ya jikoni.

Nimechunguza, nimegundua wenye akili wote waliikwepa hii kazi ya kutembea. Huyo George Washington mwenyewe, rais wa kwanza, mji una jina lake, alikufa 1799, Ikulu hakuilala hata usiku mmoja. Wa kwanza kuhamia alikuwa rais wa pili, John Adams, mwaka 1800. Lincoln je? Mita 5.8 za marumaru, na kakaa kitini! Tangu 1922 anatutazama tunapanda ngazi na vigari vya watoto, yeye mikono juu ya kiti, miguu imetulia. Ningekuwa na uwezo ningemwomba asogee kidogo.

Lakini bingwa wao ni James Smithson. Mwingereza huyu aliacha mali yake iende Marekani kujenga taasisi ya elimu, na ndiyo hiyo Smithsonian yenye makumbusho yote yale. Marekani yenyewe hakuwahi kukanyaga. Alikufa 1829, mifupa yake ikaletwa Washington mwaka 1904. Kaja amelala, kabebwa, na hakuna aliyemwambia twende na jumba lile pale pia.

Tatizo la alichoacha ni kwamba kuingia ni bure. Watu wanasifu, mimi nalia. Ingekuwa kulipa tungeingia moja, tungesema limetosha, tukarudi kulala. Bure? Mama watoto alitaka yote, na sababu anayo: "Baba nanihii, hatulipi." Miguu hailipwi?

Kwenye lile jumba la makumbusho ya viumbe na mawe, wa kwanza kutupokea mlangoni ni tembo. Nasoma kibao: wa Angola. Yaani nimezunguka Baltimore na mitungi ya gesi, nimesimama upande usio wangu wa ngazi, nije niamkiwe na mtu wa nyumbani. Ghorofani kuna almasi ya buluu inayoitwa Hope, karati 45.52, na watu wameizunguka huwezi hata kuona taa. Sonara Harry Winston aliitoa kwa makumbusho mwaka 1958, na unajua aliituma vipi? Kwa posta. Almasi nzima ikafika ndani ya kifurushi bila kuchoka. Kitinda mimba aliitazama kwa muda wa kupiga chafya, akasema anataka choo. Foleni ya choo ilikuwa ndefu kuliko ya almasi, na kusema kweli ndiyo niliyoifurahia, maana kulikuwa na ukuta wa kuegemea.

Ikulu tuliiona kupitia vyuma vya uzio. Mkubwa akapiga picha, ukitazama vizuri utaona kisogo cha mzee mmoja na bendera.

Jioni kambini nimevua viatu nje, kwa amri. Mama watoto katandaza ramani juu ya meza, anasema kesho ni Arlington, makaburi ya kitaifa, ng'ambo ya mto Potomac. Nikauliza pakoje. Pana vilima, anasema, na makaburi zaidi ya 400,000. Watu wote hao wamelala, mpanda kilima niwe mimi! Nikasema sawa, nitakwenda, ila nabeba kiti cha kukunja. Mkubwa kauliza atakibeba nani. Swali gani hilo, na yeye ana mabega?