Gari Langu Lilizaa Oili

Magari ya wenzangu hula oili. Langu lilikuwa linazaa.

Sisemi mafumbo. Mwezi wa saba, mwaka juzi, kila nikichomoa kijiti cha oili cha Volkswagen yangu, 1300 ya mwaka 1970, nilikuta oili imepanda. Jumatatu ipo katikati ya alama mbili. Alhamisi imegusa alama ya juu. Wiki iliyofuata imeipita kwa vidole viwili, na mimi sijaongeza hata tone. Mwenye akili angeogopa. Mimi nilikwenda kijiweni kwa muuza kahawa, hapa Lushoto, nikawatangazia wale wanaotembea na galoni la oili kwenye buti kwamba Mjerumani alipounda injini aliunda kweli, hakubahatisha.

Dereva mmoja mstaafu akapuliza kikombe chake, akasema, "Kijana, mwenye tumbo kubwa si lazima awe ameshiba."

Watu wakacheka. Nikajua ni wivu, maana yeye sasa hana gari.

Furaha ya oili ingekuwa kamili kama si jambo moja: katika wiki hizo hizo nilikuwa naibiwa petroli. Nyumba yangu iko mlimani, na Lushoto nani ana kiwanja cha tambarare? Gari hulala limeinua pua kuelekea juu, mawe mawili nyuma ya matairi. Usiku naliacha na nusu tangi. Asubuhi mshale umeshuka, na harufu ya petroli imejaa uani kama kuna mtu kamwaga akikimbia.

Mshukiwa nilikuwa naye. Kijana wa jirani ana bodaboda, bodaboda hunywa petroli, kijana hurudi usiku wa manane, na tena ananisalimia kwa uchangamfu usio na sababu. Ushahidi gani zaidi? Nikanunua mfuniko wa tangi wenye kufuli. Petroli ikaendelea kupungua. Nikalala sebuleni na mablanketi mawili, dirisha wazi, tochi mkononi, baridi ya mwezi wa saba inanipiga. Kila pikipiki ikilia, nawasha. Hakuna aliyeligusa gari. Asubuhi, petroli imepungua. Mke wangu akasema labda ni chuma ulete, siku hizi wameacha madroo ya maduka wamehamia kwenye matangi.

Kitu kimoja nilikiona, nikakifasiri kwa akili zangu zote. Tukienda kulala kwa wakwe zangu Mombo, chini kabisa ya mlima, uani kwao tambarare kama sahani, petroli haikuguswa. Nikahitimisha kwamba watu wa Mombo ni waaminifu.

Basi mama mkwe akaja kutusalimia. Alikaa siku nne, mjukuu wake wa miaka mitano akimwonyesha mali zake zote: kalamu zisizoandika, kopo la mchanga, na mdoli mwenye bangili mkononi. "Bangili kanipa baba," akamwambia bibi yake. Bibi akanisifu kwa kumjali mtoto.

Siku ya kumrudisha Mombo tulipakia mbele, chini ya boneti, kabichi, karoti na mfuko wa peasi. Nikawasha. Stata ikasema *dug!* ikanyamaza. Tena: *dug!* Kama vile injini imetiwa jiwe. Mama mkwe yumo ndani tayari, mkoba mapajani, anatazama mbele kama abiria wa ndege. Ikabidi niite msaada, na aliyetoka mbio kusaidia ni nani? Mshukiwa. Akaondoa mawe, akalisukuma kinyumenyume mteremkoni mimi nimetia gia ya rivasi, hadi injini ikakohoa mara tatu na kutoa wingu jeusi lililomfunika yeye, kuku wawili na nguo za jirani kambani. Nikamshukuru, huku moyoni nikisema: anaijua gari hii vizuri mno.

Mama mkwe ni mtu wa joto la bondeni. Hatujafika mbali akaanza kujikunja kwenye kitenge, nami nikaona nafasi ya kujidai. Nikavuta wenzo wa hita, ule ulio karibu na hendibreki. Wasiozijua gari hizi niwaambie: injini iko nyuma, haina maji wala rejeta, inapozwa na feni. Hita inachukua upepo wa feni hiyo hiyo, inaupitisha kwenye mabomba ya ekzosi upate joto, kisha inakuletea miguuni. Kwa hiyo injini ikitoa jasho, jasho lake unalivuta wewe.

"Baba," akasema baada ya kona ya tatu, "gari yenu inatumia mafuta ya taa?"

"Hapana, Mama. Petroli."

"Basi petroli yenyewe tumekaa nayo humu."

Nikamweleza kwamba gari kuukuu huwa na harufu zake, na kwamba hii si gari ya kudharau, aina yake ilishinda mbio za magari za Safari mwaka 1954, ikarudia 1957, ikarudia tena 1962.

"Na hizo zilizoshinda nazo zilikuwa zinanuka hivi?"

Nikafungua dirisha. Hapo ndipo taa ya oili ikaanza kunikonyeza. Kila nikiachia mafuta kwenye kona, inawaka. Nikikanyaga, inazima. Nikawaza: haiwezekani. Oili ninayo mpaka ya kugawa.

Nilisimama kabla ya Soni, nikafungua mlango wa injini. Ukitaka kujua kama mlima una watu, haribikiwa na gari. Wakatokea mashambani, wakatokea migombani. Mmoja kaleta dumu la maji, anatafuta rejeta. Mwingine kaenda mbele kutafuta injini, akakuta kabichi, akauliza bei. Wa tatu akainama nyuma, karibu kabisa na distributa, pale ambapo petroli ilikuwa imelowanisha kila kitu hadi inang'aa, na sigara inawaka mdomoni.

"Wewe!" Sauti ya mama mkwe ilivuka bonde. "Unataka kunizika na kabichi zangu?"

Sigara ikaruka kuelekea mtaroni na mwenyewe akaifuata. Mimi nilikuwa nimeganda. Mtungi wa kuzimia moto ninao, lakini ni ule wa kuwaonyesha trafiki.

Mama akashuka, akaja nyuma, akachomoa kile kijiti cha oili kama mtu anayechomoa mwiko ugalini. Akakipangusa kwa vidole, akanusa. Mama huyu aliuza mafuta ya taa kwa kipimo dukani kwake Mombo miaka na miaka, pua yake haidanganywi.

"Hii imechakachuliwa," akasema. "Nani kakuuzia?"

"Hakuna aliyeniuzia, Mama. Inaongezeka yenyewe."

Alinitazama jinsi alivyonitazama siku ile nilipopeleka posa.

Tukaliachia gari liteleze, injini imezimwa, hadi Soni kwa fundi mmoja mwembamba ambaye hakuuliza swali. Alinusa tu, akaweka karai chini, akafungua nati ya kumwagia oili. Ikatoka nyembamba kama chai ya rangi. Injini hii hubeba lita mbili na nusu. Akapima kwenye dumu: karibu nne.

"Hizo za juu ni petroli yako," akasema. "Nyingine umeichoma, nyingine imepaa."

Nilisikia kitu kikianguka ndani ya kichwa changu, taratibu. Petroli inayopungua. Oili inayoongezeka. Wiki tatu nilikuwa nimezishika ncha mbili za kamba moja, kila mkono ukidhani kamba ni yake.

Fundi akafungua kifuniko cha kabureta, ile inayochanganya petroli na hewa. Kwanza akachukua boya, lile linaloelea kwenye petroli na kuisukuma sindano ifunge njia ya mafuta, akalitikisa sikioni kama mtu anayenunua nazi. Halina petroli ndani, halijatoboka. Akageuza kifuniko, akaibana sindano kwa kidole, akapuliza kwa mdomo kwenye njia ya mafuta. Akapuliza tena, akakunja uso. Sindano inafunga, ila upepo unapita pembeni, kwenye nyuzi za skrubu. Akaifungua sindano yote na kuitazama shingo yake.

"Washa iko wapi?"

"Ipi?"

"Inayokaa hapa. Pete nyembamba, milimita moja na nusu. Bila hiyo petroli inapita kando ya sindano, haina wa kuizuia. Tena sindano inakaa juu mno, boya linachelewa kuifunga. Ukilala umeinua pua, tangi liko mbele, linakuwa juu ya injini. Petroli inashuka usiku kucha: kabureta inajaa, inamwaga silinda, silinda inamwaga kwenye oili. Nani aliifungua hii mara ya mwisho?"

Mwezi wa sita, Jumapili, juu ya gazeti, niliisafisha kabureta mwenyewe kwa mswaki. Nilipoirudisha kikabaki kidude kimoja cha mviringo. Nikakitazama sana.

"Nilidhani ni ya ziada," nikasema.

"Kaka, umewahi kuona Mjerumani akitoa ya ziada?"

Washa ya namna hiyo hakuwa nayo, na ya kukata kwenye mpira alikataa katakata. Mama mkwe akasimamisha basi dogo la kwenda Mombo, akapandisha kabichi zake, akaniambia, "Msalimie mdoli." Alikuwa ameelewa kabla yangu. Mimi nikapanda bodaboda kurudi Lushoto, nikakaa chini sakafuni kufanya mazungumzo na mtoto wa miaka mitano. Alieleza kuwa mdoli ameolewa juzi na bangili ni mahari, haitoki. Tulifikia pakiti mbili za biskuti na bangili tatu za kweli, zilipwe kabla.

Jioni nimerudi, gari linaunguruma vizuri na oili mpya, nikaliegesha likiwa limeinamisha pua chini, kwa tahadhari tu. Kijana wa jirani alikuwa anapangusa pikipiki yake.

"Shikamoo. Nasikia mwizi wa petroli amepatikana."

"Marahaba. Amepatikana."

"Yuko wapi?"

"Yuko ndani."

"Afadhali. Watamfunga kweli, au watamwachia?"

"Ameshafungwa. Leo saa tisa, Soni."

"Haraka hivyo?"

"Fundi alitumia spana."

Akanitazama kidogo, akarudi kwenye pikipiki yake, akapangusa taa ya mbele kwa makini.

"Basi na ile tochi uipumzishe," akasema. "Wiki tatu unanimulika usoni."